"Gari lako ndo bovu", kaniambia hivyo mbele ya mama watoto!!!

Wakuu simtaji, mnamjua, yule anayejiita injinia wa magari ya umeme na bisibisi anaishika kama kijiko. Nimetoka kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka.

Nilitaka chaja ya ukutani ya nyumbani, basi. Akanibambikia ya kilowati 22, eti gari linajaa ukiwa unaoga. Kumbe hiyo inataka fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, na nyumbani ni fezi moja, tena chaja ya ndani ya gari langu haipokei zaidi ya kilowati 6.6 hata uiunganishe na bwawa zima la umeme. Narudi kistaarabu kabisa, jamaa ananipandisha ananishusha, "gari lako ndo bovu". Gari langu! Bovu! Na mama watoto AKACHEKA.

Akanisukumizia ile ya kubeba, unachomeka soketi ya kawaida, "itakusitiri kwa sasa". Ampia 10, yaani kilowati 2 na ushee, betri ya kilowatisaa 60 kutoka sifuri ni zaidi ya siku nzima, mtoto anamaliza chuo gari liko asilimia 40. Na hata kuanza haijaanza, kikasha kinawaka taa nyekundu, hakioni ethi, ule waya wa usalama unaoenda ardhini. Napiga simu, anajibu nini? "Si nilikwambia bovu." Soketi haina ethi, ubovu wa gari unaingiaje hapo???? BOVU??

Soketi Moto: Nacheka kama mazuri. Shemeji alichekaje mkuu, rudia hapo

Mzee wa Ampia: Fezi moja ampia 32 unapata kilowati 7.4, unalala unaamka limejaa, 22 ya nini? Ila tuwe wakweli, ni lile la kijani? Lile bovu kweli

Mleta uzi: Rangi na ampia wapi na wapi wewe

Taa Nyekundu: Una nafuu. Mimi huyohuyo kanifungia ya ampia 32 kwa waya mwembamba wa milimita 2.5, usiku ukuta unanuka plastiki, namwita ananiambia nifungue madirisha

Soketi Moto: Madirisha 😂😂😂

Dada Fyuzi: Nyie mna kuta mnalalamika. Mi niko ghorofani, nashusha ekstensheni dirishani, jirani wa chini anachomoa achaji simu

Mzee wa Ampia: Ekstensheni ya kuzungusha? Dada ikunjue yote, ikibaki imejiviringisha inachemka mpaka inayeyuka. Bora uache kabisa hiyo kitu

Dada Fyuzi: Nikiikunjua anaanikia nguo

Taa Nyekundu: Majirani wafunguliwe uzi wao, wangu ana jogoo anawika saa nane usiku

Mleta uzi: Jamani mada. Kaniambia BOVU

Soketi Moto: Saa nane? Huyo jogoo mgonjwa

Dada Fyuzi: Au kuna taa inamulika bandani, angalia