Mrejesho: lile gari linalokataa gia likipata moto

Jamani, shukran kwa ushauri. Kwa waliosahau: gari letu la familia, la 2003, otomatiki. Asubuhi halina neno, lakini likishapata moto ukiweka D (gia ya kwenda mbele) injini inanguruma tu, gari liko palepale. Mara ya mwisho lilinitia aibu nikishuka feri Likoni. Vijana walilisukuma hadi juu, mama mkwe yumo ndani.

Wengi mlisema ninunue giaboksi kuukuu moja kwa moja. Mmoja akasema nianze na mafuta ya giaboksi, nikamsikiza. Fundi wangu Changamwe alichomoa kijiti cha kupimia mafuta hayo injini ikizunguka, akakipangusa kwa karatasi nyeupe: meusi kama kahawa tungu, na harufu ya kuungua. Sampu (bakuli la mafuta chini ya giaboksi) ilipofunguliwa, sumaku zake zilikuwa na uji wa kijivu. Huo, akasema, ni wa kawaida. Balaa ni vile vipande vyeusi chini. Klachi za ndani zimeungua, mafuta mapya yasingefua dafu.

Basi tukaishia kulekule kwenye giaboksi kuukuu, elfu sabini na tano pamoja na kazi. (Mcheke tu.) Ila sikukubali ifungwe kabla ya kusafisha mabomba ya kupozea mafuta, yalikuwa na taka, na nikanunua mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si yale ya "yanaingia gari lolote".

Wiki ya tatu sasa. Jana nimekaa foleni ya feri, jua la saa nane, likashika gia bila shida. Mama mkwe bado anapanda tuktuk.