Mama mkwe anasema maziwa yangu ni "baridi" na mepesi. Nimkubalie yapi, nimkatalie yapi?

binti_wa_chumbageni

Assalamu alaikum, na habari zenu kina mama. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu nijifungue. Niko Guangzhou, China, ghorofa ya tisa, mwezi wa saba huu wenye joto la kupika mtu, madirisha yamefungwa na miguuni nimevaa soksi.

Mume wangu ni Mchina wa jamii ya Wahakka, kwao Meizhou, alisilimu kabla hatujaoana. Mama yake hajasilimu, ila ni mtu wa huruma sana. Alikuja siku mbili kabla sijajifungua, amebeba kuku, mfuko mzima wa tangawizi na mitungi mitatu ya pombe ya mchele aliyoianza kuitengeneza mimba yangu ikiwa na miezi minne. Kwao mzazi hupikiwa kuku kwa pombe hiyo na tangawizi mwezi mzima. Nilipomwambia siwezi kuigusa, na kuku lazima awe amechinjwa kwa Bismillah, hakusema neno. Akaisukuma mitungi chini ya kitanda. Usiku nikamsikia analia jikoni.

Sasa tuko kwenye kile wanachoita zuo yuezi, kukaa mwezi. Sioshi nywele. Sigusi maji ya bomba. Feni marufuku. Tikiti, mapeasi na matango ni vyakula baridi, hata vikitoka motoni, maana ubaridi wanaousema uko ndani ya chakula chenyewe. Anasema uzazi umenitoa damu na joto, na kwa kuwa maziwa ni damu iliyogeuka, mwili wangu ukiwa baridi na maziwa yatakuwa baridi.

Hayo yote ningeyabeba. Kwetu Tanga nako ningekaa arobaini, nikandwe, ninywe uji wa pilipili manga, nifukizwe ubani. Kinachoniumiza ni maziwa. Usiku wa kwanza hospitali dang'a ilitoka matone tu, nesi akampa mtoto chupa bila kuniuliza. Tangu hapo chupa haijaondoka nyumbani. Juzi nilikamua kidogo, mama mkwe akaiinua glasi dirishani akaitazama, akasema ni mepesi kama maji ya kuoshea mchele. Jioni hiyo nikagombana na mume wangu kuhusu chupa, nikalia. Mama mkwe akamchukua mtoto kifuani kwangu, kwamba maziwa ya mama mwenye hasira yana sumu. Mtoto akalala na chupa. Mimi nikaamka matiti magumu kama jiwe.

Jana ameleta supu nyeupe ya samaki, ndani mna vipande vyeupe vyepesi kama sponji na mbegu ndogo nyeusi za mviringo. Na kuna kikaratasi cha unga wa kijivu kutoka kwa dada yake, anasema huo "unafungua" maziwa.

Naomba ushauri wa kweli. Sitaki kumvunjia heshima. Saa tisa usiku mtoto akilia, yeye ndiye anayeamka pamoja nami.

---

fundi_wa_kariakoo

Dada pole. Mimi ningetupa vyote hivyo, nifungue madirisha, na mama mkwe nimkatie tiketi ya kurudi kwao. Ushirikina huo.

---

nesi_mstaafu_muheza

Hongera kwa kujaliwa mtoto, binti yangu, na pole na uzazi. Nimezalisha miaka thelathini na moja, kwa hiyo niache nianze na lililo la haraka.

Titi gumu dawa yake ya kwanza ni mtoto. Mweke mara nyingi, usiku na mchana, na kama limejaa mno hawezi kushika, kamua kidogo kwa mkono mpaka chuchu ilainike. Baada ya kunyonyesha weka kitambaa cha maji ya baridi, hata kama mkwe wako atashtuka. Ukipata homa, au sehemu ya titi ikawa nyekundu na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo, wala usiache kunyonyesha.

Wepesi wa maziwa usikutishe. Yanayotoka mwanzo wa kunyonya huwa mepesi, hata yana ubuluu kidogo. Yenye mafuta mengi hufuata titi linapopungua. Mkweo ameona ya mwanzo. Maziwa hayapimwi kwa macho dirishani, hupimwa kwa mtoto. Je, analowesha nepi sita au zaidi kwa siku? Karibu na wiki mbili amerudia uzito aliozaliwa nao? Nijibu haya mawili. Na kila chupa inapochukua nafasi ya titi, titi linapata habari kwamba halihitajiki, nalo linatengeneza kidogo zaidi. Lakini usiikate ghafla. Punguza chupa moja, mpime mtoto, kisha punguza nyingine.

Hasira haiweki sumu kwenye maziwa. Ukweli ni kwamba mama akiwa na dhiki maziwa huchelewa kushuka, na huenda wazee waliliona hilo wakalieleza kwa namna yao. Kosa la usiku ule lilikuwa kumwondoa mtoto.

Chumba kipate hewa. Hapo sibembelezi. Huko China wameshakufa wazazi kwa kuzidiwa na joto ndani ya mwezi wao, wamefunikwa blanketi kiangazi. Feni ielekee ukutani, isikupige wewe, naye ataridhika. Na kuoga uoge, maji ya uvuguvugu.

@fundi_wa_kariakoo, mwanangu, umewahi kukaa na mzazi wa siku kumi na mbili peke yake, ugenini, mume yuko kazini? Nimewaona walioachwa hivyo. Mtu anayepika, anayefua na anayeamka saa tisa usiku harudishwi kwao.

---

mwanafunzi_nanjing

Dada, salaam. Nasoma tiba ya Kichina hapa Nanjing, mwaka wa nne. Niseme kuhusu vitu vyenyewe.

Vipande kama sponji ni tongcao, moyo wa ndani wa shina la mti fulani, umekatwakatwa. Mbegu nyeusi ni wang bu liu xing. Jina hilo maana yake ni kama "mfalme akisema kaa, haikai", yaani hakuna wa kuizuia isitiririke. Hata hubandikwa sikioni kwa plasta na kubonyezwa ili kuita maziwa. Samaki mwenyewe ni jiyu, wa maji yasiyo ya chumvi, supu yake kwa mzazi ni ya zamani sana. Ushahidi wa kitaalamu kwamba mimea hii inaongeza maziwa ni dhaifu. Ila samaki ni chakula kizuri, na unahitaji maji na protini, kwa hiyo supu kunywa, mimea mwombe aache mpaka umwone daktari. Ukisikia neno maiya, shayiri iliyochipushwa na kukaangwa, hiyo usinywe kabisa. Humuhumu kwenye tiba ya Kichina ndiyo inayotumika kwa wingi kukausha maziwa ya anayemwachisha mtoto.

Unga wa kijivu usiuguse. Muulize mumeo kama umeandikwa chuan shan jia, yaani kakakuona. Li Shizhen, tabibu wa karne ya 16, ana ubeti unaosema kakakuona na wang bu liu, mwanamke akila, maziwa humtiririka daima. Wazee wengi wanaujua kwa moyo. Magamba ya kakakuona yametengenezwa kwa kitu kilekile cha ukucha wako, hayaongezi tone. Mwaka 2020 China ilimpandisha mnyama huyu daraja la juu kabisa la ulinzi, na magamba yakaondolewa kwenye orodha ya dawa ghafi katika kitabu cha taifa cha dawa. Kakakuona wa Asia wamekaribia kwisha, kwa hiyo magamba mengi yaliyokamatwa miaka ya karibuni yametoka kwetu Afrika. Mimi ni wa Kigoma. Babu yangu alikuwa akimwona kakakuona, kijiji kizima kinakusanyika kumtazama na kutabiri mvua au njaa. Linaniuma kufikiri anaishia unga wa mzazi ambao haumsaidii mzazi.

Pombe: kuipika hakuiondoi yote, na inayobaki inaingia kwenye maziwa. Hata asiye Mwislamu ningemwambia hivyo.

Sasa jambo ninaloona litakusaidia kuliko yote. Usimjibu mkweo kwa lugha ya hospitali peke yake. Mjibu kwa tiba yake mwenyewe. Tabibu Chen Ziming aliandika mwaka 1237 kwamba maziwa hugeuka kutoka katika qi, yaani nguvu ya uhai, na damu, na matabibu wa hapa hugawa upungufu wa maziwa sehemu mbili. Titi likiwa laini na tupu, ni qi na damu vimepungua, hapo mzazi hulishwa supu nzito. Titi likiwa gumu na linauma, maziwa yapo ila njia imefungwa, na mfungaji ni ini lililoelemewa na huzuni au hasira, maana mshipa wa ini wanasema unapita kwenye chuchu. Wa namna hii hapewi supu nzito na tangawizi mfululizo, anazidi kufungwa. Dawa yake ni kufungua njia, na mtoto akinyonya anafungua kuliko mkono wowote, halafu watu wa nyumbani wasimhuzunishe. Wewe ni wa pili. Mwambie mumeo amwambie mama yake neno gan yu, yaani ini lililoelemewa. Ataelewa mara moja, na ataona kwamba kumtoa mtoto kifuani kumefunga njia zaidi.

---

wifi_wa_lanzhou

Shoga, mimi ni wa Mombasa, nimeolewa na Mhui, Mchina Mwislamu, huku Lanzhou, nina wawili. Pombe huku hakuna mambo yake, mzazi anapewa uji wa uwele mdogo wa njano na sukari nguru, mayai mpaka unayachoka, na supu ya kondoo. Ukitoka mkoa mmoja kwenda mwingine "lazima" ya mzazi inabadilika, na mkwe wangu hakuamini nilipomwambia watu wa Guangdong, mkoa wenu huo, wanampa mzazi siki.

Jiandae na mawili. La kwanza, watakupa maji umnyweshe mtoto kati ya maziwa, eti kushusha joto. Kataa, hadi miezi sita. La pili, akifika hiyo miezi sita utaambiwa maziwa yako hayana tena lishe. Si kwenu tu. Uchunguzi uliotolewa 2019 ulikuta wanaonyonyesha maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita nchi hii walikuwa hawafiki thuluthi, na serikali ilikuwa imelenga nusu ifikapo 2020. Na maziwa ya kopo yenyewe ndiyo yaliyotiwa kemikali ya melamini mwaka 2008, watoto karibu laki tatu wakaugua! Mkwe wangu alikumbuka hilo siku nilipomtajia, akanyamaza, chupa ikarudi kabatini.

Ukirudi kazini, sheria inakupa saa moja kila siku ya kunyonyesha au kukamua mpaka mtoto atimize mwaka. Idai.

---

binti_wa_chumbageni

Nimerudi, leo siku ya ishirini na moja. Bibi wa Muheza, shikamoo. Nepi zilikuwa tano, sasa saba au nane. Alizaliwa kilo 3.2, siku ya kumi na mbili alikuwa 3.1, jana mizani imesema 3.4. Chupa zilikuwa nne kwa siku, imebaki moja ya usiku, na hiyo anampa mama mkwe mwenyewe. Nimemwachia kwa sasa, maana naona anavyomwimbia.

Kaka wa Nanjing, ulisema kweli. Mume wangu alimwambia mama yake gan yu, akakaa kitandani kwangu akanishika kifundo cha mkono, akanitazama ulimi. Kisha akamwambia mwanawe maneno makali kwa Kihakka. Niliyaelewa machache: "wewe ndiye uliyemliza". Tangu siku hiyo mtoto hatolewi kifuani kwangu, na shemeji mmoja aliyesema kwenye WeChat, programu ya simu ya kuandikiana, kwamba choo cha kijani ni baridi ya maziwa hapigiwi tena simu mbele yangu. Kikaratasi hakikuwa na maandishi. Mume wangu amekichukua. Sijui mama aliambiwa nini, ila hajakiulizia.

Tatizo la supu tumelimaliza hivi. Wao hutumia miguu ya nguruwe na karanga. Nikamwonesha kwenye simu picha ya makongoro, nikamwambia kwetu mzazi hupewa haya. Mume wangu akaenda mtaa wa Xiaobei kwa mchinjaji Mhui, akarudi na miguu miwili ya ng'ombe. Mama aliichoma manyoya, akaichemsha kwa muda wa saa tano na karanga na tende nyekundu, tangawizi kidogo tu. Akaonja wa kwanza. Halafu akauliza mama yangu hutia nini, nikamwambia pilipili manga. Akafurahi, akasema hiyo ni ya moto, kwa hiyo mama yako anajua. Jumapili wameonana kwa video, mmoja wa Meizhou mmoja wa Chumbageni, mimi katikati natafsiri namna ya kumkanda mzazi tumbo.

Mitungi imeondoka na shemeji, mkewe ana mimba. Nimemwambia kuhusu pombe na maziwa, akasema atafikiri.

Nywele bado. Amekubali nipanguse kichwa kwa maji aliyoyachemsha na tangawizi yakapoa, kuosha mpaka mwezi utimie. Zimebaki siku tisa, nitavumilia. Ila kuna anayejua Guangzhou ulezi unapatikana wapi? Bibi wa mtoto anataka kuonja uji wetu.