Singa za mkia wa kulungu zinachomoka kwenye jigi: kosa langu ni lipi?

Mgeni wa Sebago:
Ndugu wavuvi, salamu. Ninaishi Maine, Marekani, na tangu majira ya baridi yaliyopita nimekuwa nikijifungia mwenyewe jigi za singa, yaani ndoana zenye kichwa kizito zinazovikwa singa ili kumvutia samaki, kwa ajili ya samaki aitwaye besi wa mdomo mdogo. Nilinunua mkia mzima wa kulungu, ndoana zenye vichwa vya madini ya risasi vya gramu 3.5, uzi, na jiliwa ndogo ya kuzishikia. Taabu yangu ni kwamba singa hutawanyika kama ufagio mara tu ninapokaza uzi, na baada ya kurusha mshipi mara kumi hivi huanza kuchomoka, hata jigi ikabaki na kipara. Nimeongeza singa, nimeongeza uzi, na hali ni ile ile.

Fundi Jiliwa:
Ndugu yangu, umeongeza pale palipotaka kupunguzwa. Singa za kulungu zina uwazi wenye hewa ndani yake, na uwazi huo ni mkubwa zaidi karibu na shina la mkia, ndiyo maana ukizibana kwa uzi hupondeka na kusimama pande zote. Kata zile za kuelekea ncha ya mkia, ambazo ni nyembamba na hulala vizuri, kisha uzichane kwa kitana mpaka manyoya mafupi ya chini yatoke, kwa sababu hayo huuzuia uzi usizishike singa zenyewe.

Kuchomoka kuna sababu yake. Shingo ya jigi huteleza, kwa hiyo ivike kwanza uzi tabaka moja na uipake tone la gundi kabla ya kuweka singa yoyote. Weka vishungi vitatu au vinne, kila kimoja kikiwa na unene wa njiti ya kiberiti. Mizunguko miwili ya kwanza iwe ya kushikilia tu, na inayofuata ndiyo ya kukaza. Ukifunga singa zote kwa mkupuo mmoja, zile za katikati hazitaguswa na uzi kamwe. Malizia kwa mafundo na gundi tena. Kwangu mimi, jigi nzuri ni ile ambayo ukiitazama ikiwa kavu unadhani haijakamilika.

Mama Neema:
Fundi amesema kweli, ila nina neno kuhusu maji ya baridi. Yakiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, besi hana haraka, na singa za kulungu ni ngumu mno kwa mwendo wa polepole. Jaribu manyoya laini ya bata mzinga, meusi, kwenye jigi ya gramu 2 hadi 3, uivute taratibu bila kuitikisa, kwani manyoya hayo hucheza yenyewe. (Marehemu baba alikuwa akifunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana za kukokotea jodari kule Pemba, nasi watoto tulimcheka.)

Mzee wa Portland:
Mwanangu, kabla ya singa, tazama hicho kichwa. Sheria ya Maine inakataza jigi za risasi tupu zenye uzito wa aunsi moja (gramu 28 hivi) au chini yake, na katazo hilo limeendelea kupanuliwa hata kwa zile zilizopakwa rangi. Sababu ni luni, ndege wa maziwa yetu, ambaye humeza risasi pamoja na samaki au pamoja na changarawe za kusagia chakula, akafa kwa sumu. Mimi humimina vichwa vyangu kwa mchanganyiko wa madini ya bismathi na bati, ambao huyeyuka kwenye nyuzi 138 hivi, ilhali risasi huhitaji 327. Kichwa huwa kikubwa kidogo kwa uzito ule ule, nacho ni rahisi kuvunjika kikigonga mwamba. Kalibu iwe kavu kabisa, kwa maana tone moja la maji hurusha madini ya moto usoni.

Mgeni wa Sebago:
Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Vile vya risasi nimeviweka kando. Jana usiku nilifunga jigi tatu kwa vishungi vidogo juu ya vichwa vya bati, nikazivuta singa kwa koleo, na ni singa mbili tu zilizotoka.