Nimealikwa Uskoti kuwinda kulungu milimani. Miguu ya Kilimanjaro inatosha? Naomba ushauri

Mgumu wa Machame (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni kiongozi wa watalii hapa Moshi, kazi yangu ni kupandisha wageni kilele cha Kibo cha Kilimanjaro, na nilianzia kwenye upagazi. Kuna mzee mmoja wa Kiskoti nilimpandisha kwa njia ya Machame, tukazoeana sana, mpaka leo tunapigiana simu. Familia yao ina eneo kubwa la milima kaskazini mwa Uskoti na kila mwaka wanawinda kulungu, wale wekundu wenye pembe za matawi. Amenialika niende mwezi wa tisa mpaka katikati ya wa kumi. Nauli juu yake, malazi kwake, na amesema nikipenda nitasaidiana na vijana wake kushusha wanyama, naye atanipa chochote.

Mlima naujua na baridi naijua. Ila sijawahi kushika bunduki, na mnyama mkubwa niliyewahi kuchinja ni mbuzi wa Krismasi. Nimeangalia milima yao, mrefu kuliko yote ni Ben Nevis, mita 1,345. Hapo hata geti la Machame hujafika. Lakini mzee mwenyewe aliniambia watu wenye kifua kizuri kumzidi yeye wanalia kule. Ni nini hasa kinawaliza?

Halafu kuna hili la kuua mnyama. Mama yangu hajanikataza, ila nimemwona hajapenda. Amenyamaza tu, na kwetu mama akinyamaza unajua. Naombeni mawazo ya wenye uzoefu.

---

Dada wa Marangu

Mdogo wangu, hongera kwa mwaliko. Mimi nipo Inverness, mji wa kaskazini mwa Uskoti, miaka mingi sasa, na niliwahi kufanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni wa uwindaji, kwa hiyo hao watu nimewaona wakitoka asubuhi na nimewaona wakirudi.

Kinachowaliza ni maji. Ardhi ya huku milimani ni mboji nyeusi iliyoshiba maji kama sifongo, unakanyaga panaonekana pakavu, mguu unazama mpaka ugokoni. Na njia hakuna. Kule Kili unatembea kwenye njia iliyochongwa na buti za maelfu ya watu, ukichepuka ni kwenda kujisaidia tu. Huku siku nzima ni kuchepuka. Unavijua vile vichaka vya erika ukitoka kambi ya Mandara kwenda ya Horombo? Huku wapo ndugu zao wafupi, wa kufika gotini, na chini yake kuna mashimo na vijito usivyoviona. Hapo ndipo watu wanapovunjika vifundo vya miguu.

Baridi yake nayo ni nyingine. Barafu Camp, kambi ya mwisho kabla ya kilele, unapigwa na baridi kavu, ukivaa vizuri umemaliza. Huku inanyesha mvua inayolazwa ubavu na upepo, siku nzima. Mtu amelowa tangu saa tatu asubuhi, halafu analazwa kifudifudi kwenye tope amsubiri dume aliyelala ainuke. Hasogei, hakohoi. Nusu saa, saa nzima. Nimeona wanaume wazima wanarudi jioni vidole havifungui zipu ya koti, tunawafungulia sisi. Jinzi na fulana za pamba acha nyumbani kabisa.

Ukifika mapema utakutana pia na visubi, ni wadogo mno ila wanakuja wingu zima, wanaingia mpaka masikioni. Na kupe. Kupe wa huku wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo kila jioni jikague mwili mzima: nyuma ya magoti, kinena, kwapa. Ukimkuta mng'oe kwa kibanio ukishikia karibu kabisa na ngozi, usimchome na kiberiti kama tunavyofanya nyumbani. Ukiona wekundu unaotanuka, nenda kwa daktari hapo hapo.

---

Kijana wa Sakina

Mkuu mimi nitakuwa mkweli kwako. Sisi tunaokula kwa utalii tunawaambia wageni kila siku tuwatunze wanyama. Leo mtu wa Moshi akapande ndege kwenda kuua mnyama ambaye hajamkosea kitu? Nenda ukatembee, piga picha, rudi. Mama yako ameona mbali.

---

Mwanamweka

Kijana wa Sakina, hoja yako ina heshima yake na sitaki kuipuuza. Ila tusipime Uskoti kwa kipimo cha Kilimanjaro.

Hapa kwetu, ndani ya Hifadhi ya Taifa huruhusiwi kuwinda hata sungura, na ni sawa, kwa sababu wapo chui na fisi wa kufanya kazi hiyo. Uskoti mbwa mwitu wa Ulaya (wolf) waliuawa wakaisha, na imepita zaidi ya miaka mia mbili. Hakuna dubu, hakuna mnyama yeyote wa kumwangusha kulungu mzima. Wanazaana, wanajaa, wanakula kila mche wa msonobari unaochipua, msitu unashindwa kurudi. Majira ya baridi kali yakija, wanyonge wanakufa taratibu kwa njaa na kulowa, na kifo hicho ni kirefu. Risasi moja iliyokaa mahali pake ni kitu kingine kabisa. Ndiyo maana huko hata watu wa mazingira, wanaopanda misitu, wanaajiri wawindaji.

Nilisoma Mweka, chuo cha wanyamapori kilichopo hapo juu Moshi tangu 1963, na jambo moja tulilofundishwa likanikaa ni kuuliza kwanza mnyama ni wa nani. Kwetu, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Ukitaka kuwinda unakwenda kwa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, unapewa leseni, kitalu (eneo la kuwindia) na msimu. Uskoti kulungu wa porini hana mwenyewe mpaka afe, ila haki ya kumuwinda ni ya mwenye ardhi. Kwa hiyo mwaliko wa mzee una uzito kisheria, kwa upande wa uwindaji.

Kuhusu majira: majike wanawindwa kuanzia tarehe 21 Oktoba mpaka 15 Februari. Madume walikuwa na miezi ya kupumzishwa, ikaondolewa 2023. Mwezi wa tisa na wa kumi ndio wakati wa jadi wa madume, kwa hiyo umeitwa wakati mzuri. Mwishoni mwa Septemba majira ya kupandana yanaanza, madume wananguruma mabonde yote yanaitika. Na ukimwangalia dume mwenye pembe za matawi kumi na mawili, kumbuka zile zote zimeota mwaka huu huu. Pofu au tandala anakufa na pembe alizoanza nazo. Kulungu zake zinadondoka kila masika, anaanza upya, na zinapokua zinakuwa na ngozi yenye damu na manyoya laini mpaka zikomae. Mimi kwangu hilo peke yake linatosha kumpandisha mtu ndege.

---

Traka wa Longido

Kaka, mimi kulungu wa Ulaya simjui. Namjua mbuzi mawe, swala mdogo wa miambani, wa milima ya Gelai na Ketumbeine, na nadhani tabia ya mlima ni moja.

Kule mbuzi mawe wanakaa wawili wawili, mmoja anakula, mwenzake amesimama juu ya jiwe analinda. Akikuona anapiga mluzi, wanaondoka kwa ncha za kwato kwenye mwamba ambao wewe ungetaka kamba. Miguu haitakusaidia kumkimbiza, upepo ndio utakaokusaidia. Tunabeba majivu laini kwenye soksi. Kila baada ya hatua kadhaa unaitikisa, unaangalia vumbi linakwenda wapi. Tambarare ukishaujua upepo umeujua. Mlimani unapanda na joto asubuhi, unashuka jioni, na ukifika kwenye kona ya bonde unazunguka unarudi na harufu yako mpaka puani kwa mnyama. Unaweza kupanda kwa muda wa saa nne, ukabakiza kilima kimoja, majivu yakakuambia rudi. Mgeni anakasirika. Wewe unarudi, unazunguka upande wa pili, unaanza tena.

Wewe umezoea kwamba ukivumilia utafika kileleni. Uwindaji hauna kilele. Siku nzuri kabisa, kila kitu umefanya sawa, unarudi mikono mitupu. Ukiweza kulala na hilo, utaipenda kazi hii.

---

Wakala wa Safari Arusha

Naingilia kwa jambo ambalo naona limepitwa. Hapo kwenye "atanipa chochote" simama kwanza. Viza ya kawaida ya kutembelea Uingereza ni ya mpaka miezi sita na hairuhusu kufanya kazi. Ukiombea matembezi halafu ukakutwa unashusha wanyama kwa malipo, hata ukiita tipu, umevunja masharti, na kukataliwa mara moja kunakufuata kwenye maombi yako yote ya mbele, hata ya nchi nyingine. Wewe unaishi kwa kukutana na wageni, usiharibu jina lako kwa pauni chache.

Mwambie mzee aandike barua ya mwaliko inayosema wazi: ni mgeni wangu, nitagharamia nauli, atalala kwangu, tarehe hizi mpaka hizi. Wewe weka ushahidi kwamba una cha kurudia: kazi, familia, shamba, taarifa za benki. Maombi yanajazwa mtandaoni, alama za vidole Dar. Wakitaka kukuajiri kweli, hiyo ni viza nyingine na mwajiri ndiye anayeianzisha.

Na nyama usibebe kwenye begi wakati wa kurudi. Ina vibali vyake.

---

Mgumu wa Machame

Nawashukuru sana, mbarikiwe wote. Wakala, hilo la viza lilikuwa limenipita kabisa, nitamwambia mzee hapana malipo. Kijana wa Sakina, na wewe nimekusikia.

Ninalohofia sasa ni moja. Nikipewa bunduki nikajeruhi mnyama akakimbia na maumivu, sidhani kama nitalala. Na huo mzigo wanaushushaje? Sisi mpagazi wa Kili kisheria anabeba kilo 20.

---

Dada wa Marangu

Hofu hiyo ni njema, baki nayo. Huku hakuna anayekupa bunduki ukapanda nayo tu. Kabla ya siku ya kwanza unapelekwa kwenye shabaha, unalala chini, unapiga, mkuu wa wawindaji anaangalia matundu yako. Yasipokaa pamoja, utapanda kama mtazamaji. Bunduki inakuwa ya eneo lao na mkuu huyo anakuwa pembeni yako. Anakusogeza kwa kutambaa mpaka mita mia, mia na hamsini hivi, na akisema usipige, hupigi. Mnyama amegeuka vibaya, hupigi. Nyuma yake yupo mwingine, hupigi. Na kukataa kabisa siyo aibu. Nimewaona wageni waliofuatana nao wiki nzima na darubini tu, mezani walikuwa wanaheshimiwa sawa na waliopiga.

Mzigo sasa. Akianguka anatolewa matumbo pale pale mlimani, haraka, nyama isiharibike na apungue uzito. Hata hivyo dume wa milimani anaweza kuzidi kilo 80. Hawambebi kichwani kama sisi. Anafungwa kamba kwenye pembe, anaburutwa juu ya vichaka vilivyolowa mpaka mahali gari la matairi manane linapofika, na kwenye maeneo mengine mpaka leo wanatumia farasi wafupi wa milimani wenye matandiko maalumu. Kuburuta ndiko kunakoua mgongo. Hapo ndipo utawashangaza, kwa sababu wengi wao wanajua kupanda, kushuka na mzigo kwenye utelezi hawajui. Wewe ndiyo maisha yako.

Na mwambie mama hivi: hakuna kinachotupwa. Maini na moyo vinaliwa kwanza, nyama inauzwa buchani. Haina mafuta kabisa, ukiichoma kama nyama choma ya Moshi inakuwa kiatu. Mimi naikata vipande, naiacha ichemke taratibu mpaka ilainike, ndipo naweka ndizi, inakuwa machalari, kile chakula chetu cha ndizi na nyama. Waskoti wanarudia sahani. Mwambie mama kuna binti wa Marangu atakupikia hiyo, nina hakika atalegea.

---

Kijana wa Sakina

Mimi bado nisingepiga. Ila hilo la kuburuta na la kufuatana na darubini nimelielewa. Nenda mkuu, uje utuandikie.

---

Mgumu wa Machame

Nimeongea na mzee. Amekubali, barua ataandika kama Wakala alivyoelekeza, hakuna malipo. Nimemwomba siku za mwanzo niwe nyuma ya mkuu wao wa wawindaji bila bunduki, nijifunze upepo kwanza. Amefurahi kuliko nilivyotegemea. Mama nimemsomea ujumbe wa Dada kuhusu machalari. Ameuliza ndizi huko mnapata wapi.

Swali la mwisho Dada: buti zangu za mlimani zinafaa, au nijichange ninunue mpya huko?

---

Dada wa Marangu

Njoo nazo hizo hizo, ila zipake nta vizuri. Buti mpya kwenye mteremko wa huku zitakuchubua siku ya kwanza, na malengelenge yaliyolowa hayaponi. Geta zako za mlimani, zile za kufunika buti na ugoko, usiache. Kwa sweta za sufu pita soko la mitumba la Memorial hapo Moshi, chagua nene hata kama zina tundu, maana sufu hata ikilowa bado inakupa joto. Rangi ya udongo au kijani iliyofifia, nyekundu na bluu kali acha. Soksi za sufu beba nyingi kuliko unavyodhani, na jozi moja iwe ndani ya nailoni kwenye begi ya mgongoni kila siku, ya kubadilisha mchana mkisimama kula.

Ndizi tunapata kwenye maduka ya Waasia. Mwambie mama si mshare, zile ndizi zetu za kupika, ila zinakwenda.