Mjadala: Barabara yetu ya Tandika ipewe jina la marehemu bwana afya?

Mkazi wa Tandika
Wakuu, habari za jioni. Bwana afya wetu tumemzika Alhamisi, msiba mmeusikia. Alistaafu zamani, lakini mpaka juzijuzi ukimkuta asubuhi anachungulia mitaro kama yuko kazini. Wazee wanasema aliajiriwa Jiji la Dar es Salaam mwaka 1975, kipindupindu cha 1978 kikamkuta kijana mbichi, akamalizia utumishi Temeke baada ya manispaa tatu kuanzishwa mwaka 2000.

Mliokua hapa mnakumbuka. Hodi, yuko uani, upawa mweupe mkononi. Anachota maji ya pipa, anauinamisha kwenye mwanga. Viluwiluwi wakicheza humo, pipa linamwagwa mbele ya macho yako, na kesho anarudi kuona kama umetafuta mfuniko. Alikuwa haombi maji ya kunywa wala hakai.

Hoja yangu: kibao tulichowekewa 2022 kwenye zoezi la anwani za makazi kina jina ambalo hata bodaboda hawalijui. Tuombe barabara ibebe jina la mzee. Nawasilisha.

Mama Wawili
Mungu amlaze pema. Naunga mkono mia kwa mia. Mtu aliyekagua mabucha na hoteli miaka yote hiyo, nyumba yake ni ile ile ya bati lenye kutu, hata chumba cha uani hakuongeza. Waaminifu wa hivyo wameisha.

Dogo wa Mbagala
Samahani dada, lakini aliyekagua mabucha miaka yote hiyo akafa na bati lenye kutu huyo alizubaa tu. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Yeye kamba alipewa, akaamua kufunga. Sasa tumpe barabara kwa sababu ya kufa hana kitu?

Mjukuu wa Keko
We dogo, kaburi halijakauka unamwita marehemu kazubaa? Ndiyo nyie mkipewa ofisi leo, kesho mna ghorofa Goba na hamwezi kusema mshahara wenu shilingi ngapi.

Dogo wa Mbagala
Goba sina hata kiwanja. Nimeuliza swali, nimejibiwa matusi.

Fundi Majokofu
Mleta mada, rekebisha. 1975 hapakuwa na halmashauri ya jiji. Sera ya madaraka mikoani ya 1972 ilikuwa imezifuta halmashauri, za miji zikarudishwa 1978. Huyo mzee hakuajiriwa Jiji.

Mkazi wa Tandika
Basi aliajiriwa na mkoa. Mbu walikuwa wanajua tofauti?

Fundi Majokofu
Sisemi mbu. Nasema kama mnaandika historia kwenye kibao, andikeni sawasawa. Halafu mnashindwa kusema jambo kubwa: moja ya sababu za kurudisha halmashauri za miji ni kwamba uchafu na kipindupindu viliwashinda wakubwa wa mikoa.

Binti wa Genge
Nimesoma nikanyamaza, nimeshindwa. Mama yangu alikuwa mama lishe pale stendi. Huyu huyu mzee wenu alimwagia sufuria zima la wali mchana kweupe, watu wana kijiko mkononi wanaangalia, kisa hana cheti cha kupimwa afya. Maharage akayaacha, sijui kwa nini, labda aliona ni mengi. Jioni tukala maharage matupu. Wekeni kibao, sawa. Ila msituambie wote tulie.

Mama Wawili
Pole mwanangu. Lakini mama alipimwa baadaye?

Binti wa Genge
Alipimwa, kwa hela ya kukopa. Unataka kusema nini?

Mama Wawili
Nataka kusema wateja wake hawakuumwa matumbo. Usinikasirikie.

Binti wa Genge
Sijakasirika. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoanza Kinondoni mwezi wa nane, walioambiwa waache kuuza ni kina nani? Sisi. Maji ya bomba hayaji wiki nzima, mtaro umejaa, mwenye kosa ni mwenye sufuria. Alikuwa anafanya kazi yake, najua. Lakini upawa ule sikuwahi kuuona mlangoni kwa wenye mageti.

Mjukuu wa Keko
Mageti ya Tandika yako wapi miaka hiyo?

Kijana wa Tabata
Na mimi niulize. Hao mabwana afya wa Jiji mnaowasifia, jalala la Tabata walikuwa hawalioni? Moshi mchana na usiku, watoto wanakohoa. Wananchi ndio walikwenda mahakamani wenyewe, 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki. Jiji likaendelea kumwaga hivyo hivyo.

Fundi Majokofu
Na lilipoondoka likahamia Vingunguti. Hapo umenena.

Mkazi wa Tandika
Jamani, mzee alikuwa mkaguzi wa mapipa Tandika. Jalala la Tabata analibebaje yeye?

Kijana wa Tabata
Kama sifa za Jiji anabeba, na moshi abebe.

Mstaafu wa Yombo
Vijana, hamjambo. Nilikuwa mtumishi wa halmashauri, ngoja niwaambie habari ya lile bati. Mfuko wetu, LAPF, ulikuwa wa akiba. Ukistaafu unahesabiwa chako mara moja, unaweka saini, kwaheri. Kila mwezi hakuna kitu. Sheria ya 2006 ndiyo iliyougeuza kuwa wa pensheni, na wengine tulikuwa tumeshatoka. Kwa hiyo mnaosema uaminifu na mnaosema kuzubaa, wote mnabishania bati. Fedha ile ukisomesha mtoto mmoja na kuuguza mke, imekwisha.

Dogo wa Mbagala
Shikamoo mzee. Sasa huko PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma uliomeza LAPF, si ndiyo wale wale? Mkupuo, ile hela ya mara moja ukistaafu, wameukata mpaka asilimia 33 ya mafao.

Mstaafu wa Yombo
Marahaba. Hiyo ni ya 2022.

Fundi Majokofu
Mwaka 2024 imepandishwa 40 kwa waliokuwa wakipata nusu zamani. Dogo soma magazeti.

Dogo wa Mbagala
40 ya nini kama zamani ilikuwa 50? Unanipa shati langu mwenyewe bila mkono mmoja halafu nishangilie.

Mjukuu wa Keko
Hapo tu leo umeongea kitu.

Mwalimu Chang'ombe
Mimi nastaafu hivi karibuni. Kuna anayejua mkupuo unatoka baada ya muda gani? Wenzangu wawili bado wanazungushwa na nyaraka, barua ya ajira ya kwanza haionekani.

Mstaafu wa Yombo
Mwalimu, nakala ya hiyo barua anza kuitafuta leo. Usingoje.

Mkazi wa Tandika
Tumeanza na jina la barabara, tuko kwenye kikokotoo cha pensheni. Mkutano wa mtaa ni Jumapili saa nne, ofisi ya serikali ya mtaa. Tukikubaliana, jina linapanda kamati ya maendeleo ya kata, kisha manispaa. Familia nimeshaongea nayo, hawana pingamizi, wamesema tu tusiwachangishe.

Binti wa Genge
Jumapili niko gengeni mpaka saa saba. Niandikieni hapana.

Mkazi wa Tandika
Hatuandikiani, dada. Mwachie mtu genge, uje useme ya sufuria mbele ya watu.