Kufunga kamera ndogo kwenye mkono wa miwani ya kawaida bila kuiharibu fremu

Risasi_Moto aliuliza:

Wakuu, habari za leo. Hii kazi imekaa katikati ya fundi elektroniki na fundi miwani, kwa hiyo naomba wote wawili mnisaidie.

Kuna mzee mwenye uoni hafifu anayevaa miwani ya kupimiwa, na hawezi kuivua kwa ajili ya kuvaa kifaa kingine. Nataka kamera ikae kwenye fremu hiyo hiyo. Akibonyeza kitufe, picha ya maandishi iende kwenye simu, na simu imsomee kwa sauti.

Vilivyopo: bodi ya XIAO ESP32S3 Sense (kompyuta ndogo yenye WiFi) na kamera yake ya OV2640, betri ya lipo (lithiamu polima) 502030 ya mAh 250 yenye saketi ndogo ya ulinzi, kitufe kidogo, na waya. Fremu ni ya asetati (aina ya plastiki), ndani ya mkono imeandikwa 52□18-140. Karibu na bawaba mkono una kimo cha mm 7 na unene wa mm 4, kisha unapungua kuelekea sikioni.

Nimekwama hapa: nitumie gundi, sumaku au kibanio? Betri ikae wapi? Na sauti, je, bodi inaweza kuipeleka moja kwa moja kwenye spika za masikioni za Bluetooth bila kupitia simu?

---

Bawaba alijibu:

Naanza na miwani, ya bodi nawaachia wenyewe.

Hizo namba zinakusaidia kuliko unavyodhani. 52 ni upana wa lenzi, 18 ni daraja la pua, 140 ni urefu wa mkono wote pamoja na sehemu inayopinda nyuma ya sikio. Ukitoa pindo hilo, ambalo kwa kawaida ni kama mm 45, unabaki na mm 95 za mkono ulionyooka kutoka bawabani hadi juu ya sikio. Hizo mm 95 ndizo mizani yako. Sikio ndiyo egemeo, na kila unachokiweka mbele yake kinabebwa kwa sehemu na pua.

Chukua kisanduku cha bodi na kamera kiwe g 9, betri g 6. Pima vya kwako kwa mizani ya dukani, hizi ni za kufanyia hesabu tu. Ukiviweka vyote pamoja mm 15 nyuma ya bawaba, pua inaongezewa 15 × 80 ÷ 95, yaani karibu g 12.6. Sasa hamisha betri iende mm 30 nyuma ya sikio: kamera inaongeza 9 × 80 ÷ 95 = g 7.6, betri inanyanyua 6 × 30 ÷ 95 = g 1.9. Pua inabaki na g 5.7. Vifaa ni vile vile, mzigo wa pua umepungua zaidi ya nusu. Kwa hiyo betri ni nyuma ya sikio, hilo halina mjadala.

Miwani italalia upande wenye mzigo. Usijaribu kusawazisha kwa kupeleka betri mkono wa pili, maana waya utapita bawaba mbili na kukatiza juu ya lenzi. Mpelekee fundi miwani. Upande ulioshuka, mkono wake unapindwa kidogo kuelekea chini karibu na bawaba, na lenzi ya upande huo inapanda. Kisha pindo la nyuma ya sikio likazwe. Kama lenzi ni za kusomea na kuonea mbali kwa pamoja, fremu ikishuka mm 2 au 3 tu mzee atakuwa anatazamia sehemu isiyo yake, atalalamika kizunguzungu na wewe utadhani ni kamera.

Gundi: hapana. Supa gluu inatoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye asetati na kwenye lenzi, na ukitaka kuitoa kwa asetoni, asetoni yenyewe inayeyusha fremu. Asetati hailiwi na gundi tu, hata joto linailegeza. Ile mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto, ambayo mafundi redio wanaipenda, isipulizwe kwa hita ikiwa tayari juu ya mkono. Mkono utapinda kabla mrija haujakaza, na ukielekeza hewa mbele unaweza kupasua tabaka la juu la lenzi, zikatokea nyufa kama za utando wa buibui ambazo hazifutiki.

---

Sumaku_N52 alijibu:

Mbona OrCam MyEye 2, ile kamera ya dukani ya kuwasomea wenye uoni hafifu, inatumia sumaku na inafanya kazi? Ina g 22.5, inanasa mkononi mwa miwani na kutoka kwa sekunde moja. Miwani ikienda kuoshwa, kamera unaivua. Mimi ningeweka sumaku mbili za mm 5 kwa 2 kwenye kisanduku na basi.

---

Bawaba alijibu:

Mkuu, OrCam hainasi kwenye mkono mtupu. Kuna kikalio kidogo kinafungwa kwanza kwenye mkono, halafu kifaa kinanasa kwenye kikalio hicho. Watu wengi wanajaribu sumaku kwenye ule waya wa ndani ya asetati na kushangaa haushiki. Waya huo mara nyingi ni aloi ya shaba, nikeli na zinki, sumaku haiushiki hata kidogo. Titani ni hivyo hivyo. Chuma kisichoshika kutu nacho kuna kinachoshikwa na kisichoshikwa, huwezi kujua mpaka ujaribu.

Lakini wazo la kuvulika ni zuri. Weka kibanio kwenye mkono na sumaku kati ya kibanio na kisanduku, na utengeneze vijino viwili vya kuzuia kisanduku kisizunguke. Sumaku peke yake inazuia kung'oka, haizuii kuteleza wala kugeuka, na kamera ikigeuka nyuzi 10 ukurasa unatoka kwenye picha. Jambo la kumuuliza mzee kwanza: ana kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo? Kama anacho, sumaku zisisogee karibu na kifua chini ya sm 15. Watu huvua miwani na kuitumbukiza mfuko wa shati.

---

Ampea_Ndogo alijibu:

Nije kwenye umeme, na kuna habari moja mbaya nitaiweka mwisho.

Sauti kwanza kwa sababu ni fupi: haiwezekani. ESP32-S3, chipu ya bodi yako, ina Bluetooth ya nguvu ndogo peke yake, haina ile ya zamani ambayo spika za masikioni hutumia kupokea muziki. Sauti itoke kwenye simu, spika za masikioni ziunganishwe na simu. Kazi ya bodi iishie kwenye picha. Picha yenyewe itume kwa WiFi. Kwa Bluetooth itafika, ila mzee atasubiri sekunde kadhaa kwa kila ukurasa.

WiFi ikirusha kwa nguvu zote, chipu inaweza kuvuta hadi mA 340 kwa kitambo kidogo. Waya mwembamba mrefu unaotoka nyuma ya sikio utapunguza volti wakati huo na bodi itajizima na kuwaka upya, nawe utalaumu programu. Tumia waya wa nyuzi nyingi wenye ganda la silikoni, unene wa AWG 28, au 30 ukiwa mfupi (namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba), na uweke kapasita ya µF 100 karibu na pedi za betri. Usitumie waya mmoja mgumu, hasa ukipita bawaba. Kwa mpangilio wa Bawaba kila kitu kiko kwenye mkono mmoja, hivyo hakuna waya unaovuka bawaba, na hiyo ndiyo faida kubwa kuliko hata uzito.

Pedi za betri ziko mgongoni mwa bodi. Hakikisha chanya na hasi kwa mita kabla ya kupiga lehemu, maana ukigeuza, chipu ya kuchajia inakufa kimya kimya. Bodi inachaji kwa mA 100, kwa betri ya 250 ni salama. Usishawishike kuweka betri ya mAh 60 au 80 ili upunguze g 3, itakuwa inachajiwa kwa kasi kuliko inavyostahili, nyuma ya sikio la mtu.

Weka swichi ya kutelezesha kwenye waya wa chanya. Kwenye bodi hii pini ya kuzima kamera haikuunganishwa, kwa hiyo hata ukiilaza bodi usingizi mzito, kamera inaendelea kunyonya. Kumbuka tu: swichi ikiwa imezimwa, kuchaji hakuendi. Mwandikie mzee, au mwanawe.

Antena: ile ya karatasi inayokuja na bodi lazima ichomekwe, bila hiyo WiFi inafika hatua mbili tatu tu. Ibandike upande wa nje wa kisanduku, mbali na ngozi. Kichwa cha mtu kina maji mengi, na maji yanakula masafa hayo.

Sasa habari mbaya. OV2640 haitamsomea kitabu. Fanya hesabu: lenzi yake ya kawaida inaona kama nyuzi 65 kwa mshazari. Umbali wa sm 40, mshazari wa picha ni sm 51, upana sm 41. Sensa ina nukta 1600 kwa upana, yaani nukta 39 kwa kila sm. Herufi kubwa ya kitabu cha kawaida ina kimo cha mm 2.5, kwa hiyo inapata nukta 10. Programu za kusoma maandishi zinataka 20 na zaidi. Juu ya hapo fokasi yake imefungwa kiwandani kwa umbali, karibu inaona ukungu. Vibao vya maduka, namba ya mlango, kichwa cha habari gazetini, sawa. Maelekezo ya dawa, hapana.

Badilisha kamera uweke OV5640 yenye fokasi ya kujirekebisha, soketi ni ile ile. Ina nukta 2592. Mzee akishika ukurasa sm 30, upana unakuwa sm 30.6, nukta 85 kwa sm, na herufi inapata nukta 21. Inapita, kwa kubana. Ila fokasi haitaanza kujirekebisha hivi hivi tu: sensa lazima ipakiwe programu yake ndogo kila inapowashwa, na pini ya injini ya lenzi lazima iwe na umeme. Ukiona picha kali katikati ya chumba na ukungu mezani, moja ya hayo mawili halijafanyika.

---

Risasi_Moto:

Hiyo hesabu ya nukta imeniokoa, nilikuwa naelekea kulaumu programu ya simu. Kamera nabadilisha. Nina printa ya 3D ya kukodi mtaani, wanalipisha kwa gramu. Kibanio kiwe cha plastiki gani na vipimo gani? Na kitufe nikiweke wapi?

---

Bawaba alijibu:

TPU ya ugumu wa 95A, ile inayonyumbuka. PLA usikubali hata wakikuambia ni bei rahisi. Inaanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dar au Mombasa inafika huko. PETG inavumilia zaidi, ila ni ngumu na itachubua asetati.

Pima mkono kwa kalipa sehemu mbili, mwanzo na mwisho wa mahali kibanio kitakapokaa, kwa sababu mkono unapungua na nafasi ya ndani nayo lazima ipungue. Toa mm 0.3 kwenye kila kipimo ili ikabe. Urefu mm 25, ukuta mm 1.6. Ukifanya kifupi cha mm 10 kitayumba kila akitikisa kichwa. Kiingie kutokea ncha ya nyuma ya mkono kikisukumwa mbele, kisiwe cha kubana kwa skrubu. Skrubu ikikazwa juu ya asetati inaacha alama ya kudumu.

Kamera iangalie chini kwa nyuzi 12 hadi 15 kutoka usawa wa mkono, la sivyo mzee atalazimika kuinamisha shingo kama anayetafuta sindano. Pia mikono ya miwani haiendi sambamba, mingi inapanuka kuelekea nyuma, kwa hiyo kamera haitatazama mbele moja kwa moja. Mvalishe kwanza, piga picha ya ukurasa wenye alama ya msalaba katikati, uone msalaba umehama kiasi gani, ndipo uchapishe kisanduku cha mwisho. Kipande cha majaribio ni g 3 za plastiki, usizionee uchungu.

---

Ampea_Ndogo alijibu:

Kitufe kisikae ubavuni. Akikibonyeza kutoka pembeni anasukuma fremu yote na picha inatikisika. Kiweke juu ya kisanduku, na chini yake uache sehemu bapa ya kidole gumba, ili abane kwa vidole viwili, nguvu ya juu na ya chini ziuane. Hata hivyo chelewesha picha kwa nusu sekunde baada ya kubonyeza.

Chipu ielekee nje, na kati ya bodi na upande wa ngozi uache hewa mm 2. OV5640 inapata moto kuliko ile ya kwanza. Kwa picha moja moja hataona shida, ila usiwashe video mfululizo halafu ukamvalisha.

Weka na taa ndogo inayowaka kila picha inapopigwa, iwe inaonekana kwa nje. Tanzania ina sheria ya taarifa binafsi ya 2022 na Kenya ya 2019, na kamera ya usoni inazua maneno haraka benki au hospitali. Amri ya kuwasha taa iwe ndani ya kipande kile kile cha programu kinachopiga picha, ili isisahaulike.

---

Bawaba alijibu:

Nyongeza moja. Ukimpelekea fundi miwani apinde mkono, vua kibanio, betri na waya wote kabla. Atautia mkono kwenye joto mpaka ulainike, na betri ya lipo haipelekwi huko. Mwambie pia apime akiwa ameshavirudisha vifaa. Miwani iliyosawazishwa ikiwa mitupu italala tena mara tu ukiifunga kamera.