Mjadala: Ufinyanzi wa gurudumu na saikolojia ya kila siku kwa wanafunzi wa sekondari, ni elimu au kupotezeana muda?

Mwanzisha Mada

Wakuu, habari za jioni.

Jana nimetoka kwenye kikao cha wazazi kichwa kinaniuma, nikasema hili nilete hapa tulijadili. Shule ninayojitolea ni ya kata, mkoa wa Mbeya, sitaitaja. Tangu mwaka jana ina kozi mbili za hiari kwa Form Two na Form Three. Jumatano mchana ni ufinyanzi wa gurudumu, Ijumaa mchana ni saikolojia ya maisha ya kila siku. Hazina mtihani wala maksi, mwanafunzi anajiandikisha kwa hiari yake. Wazazi wanataka zifutwe, muda ule uwe wa rimedio (masomo ya ziada) ya hisabati. Mzee mmoja alisimama akasema, "Mfinyanzi hulia gaeni. Sasa mimi nichangishwe ili mwanangu akajifunze kulia gaeni?" Ukumbi mzima ukacheka, hoja ikawa imepita.

Swali langu: kozi kama hizi zibaki kwenye ratiba ya shule za umma, au tuwaachie wenye shule za fedha?

Mimi nasema zibaki, na zibaki bila mtihani. Nieleze ninachokiona.

Kijana anakaa kwenye gurudumu, viwiko amevibana mapajani. Donge la udongo lenye ukubwa wa embe dodo liko katikati ya sahani, au yeye anadhani liko katikati. Akipiga mguu, sahani ikishika kasi, donge linampeleka mikono huku na huku kama kuku aliyeshikwa mbawa. Akikaza nguvu linazidi kuyumba. Akilegea linamtawala. Inabidi mkono utulie pale pale, udongo ndio ukubali kuhama. Hakuna wa kunakili kwake, na mwalimu hawezi kumfanyia, kwa sababu akiondoa mikono tu donge linarudi kuyumba. Wa kwanza kuweza darasani kwetu ilimchukua wiki tano, na ni binti ambaye darasani hanyooshi mkono hata ukimtaja jina.

Halafu kuna kuchoma. Watoto karibu wote huamini chungu hupasuka motoni kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani. Wakipasua viwili vitatu wanagundua wenyewe mchawi ni unyevu: chungu kinaonekana kikavu kwa nje, ndani kina maji, moto ukifika nyuzi 100 maji yanataka kutoka kwa nguvu. Ukikipasha polepole kinapona. Karibu na nyuzi 600 udongo unaacha kuwa udongo, hata ukiuloweka mwaka mzima haurudi tope. Ile ni kemia, wameishika mkononi.

Saikolojia sasa. Mwalimu alianza na meseji tunazozijua wote: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Wakaiandika ubaoni, wakaichambua neno kwa neno. Haina salamu, haitaji jina, haielezi hela gani. Mwizi anaituma kwa maelfu akijua kati yao yupo ambaye dakika hiyo hiyo anadaiwa kodi au anataka kumtumia shangazi. Maelezo yote yaliyokosekana anayajaza mwenyewe aliyeipokea. Binti mmoja akasema, "Kumbe anayetudanganya ni sisi." Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, na niliwahi kutuma elfu thelathini kwa namba kama hiyo.

Karibuni.

Mama wa Form Two

Mtoa mada una moyo mzuri, ila hukai na mtoto wangu. Anatembea saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Hisabati ana F. Asipofaulu mtihani wa taifa wa Form Two anakariri darasa, na anayekariri ni mimi, maana sare, daftari na michango ni mwaka mwingine. Wewe unaniambia udongo unampa utulivu. Utulivu utampa nani nafasi ya Form Five?

Na hiyo saikolojia msituuzie kama kitu kipya. Mimi ni wa Tanga. Tulikuwa na somo, tulikuwa na kungwi, wanawake wa kumfunda binti. Binti alikaa ndani akafundishwa namna ya kuishi na watu, bila ubao wala chaki. Tumewaacha makungwi, sasa tunataka mwalimu wa jiografia ajaze pengo.

Ticha wa Bush

Naunga mkono kozi, napinga zilivyowekwa. Nafundisha shule yenye mikondo mitatu, chumba kimoja watoto 80 na kitu. Ruzuku niliyoizoea ni 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, humo kuna chaki, karatasi za mtihani na kitasa cha mlango wa ofisi. Gurudumu litatoka fungu gani?

Kingine. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu ya 2014 limeleta mkondo wa amali, na tangu Januari 2024 kuna shule zinaufundisha kuanzia Form One. Mtoto anayetaka ufundi mlango upo. Nyie mnataka mlango wa pembeni usio na cheti. Nimefundisha miaka 14, nikwambie ukweli wa huku chini: kisichotahiniwa hakifundishwi. Muhula wa kwanza mtakuwa na moto, wa pili kipindi kitaazimwa na mwalimu wa fizikia "mara moja tu", wa tatu gurudumu linawekewa maboksi ya karatasi juu yake. Stadi za maisha unaikumbuka? Tulikuwa tunaisaini tu kwenye jarida la kazi.

Nilikuwa Duka la Kubeti

Nimefanya kazi kaunta miaka miwili. Vijana wa sekondari wanakuja na sare ndani ya begi, tunawajua. Mkeka (tiketi ya kubeti) wa timu kumi, tisa zimeingia, moja imeuchana. Hujawahi kumsikia akisema nimepoteza. Anasema NILIKARIBIA. Kesho yuko pale saa tatu kabla sijafagia. Kukaribia kunamrudisha kuliko hata kushinda kidogo. Mashine za kule ndani nazo zimetengenezwa zikuonyeshe picha mbili zinafanana, ya tatu imepita kidogo tu. Kama kuna somo linaweza kumwambia mtoto wa miaka 15 kwamba ule mwili wake unaosisimka ndio biashara yenyewe ya mtu, lifundisheni hata chini ya mti. Hisabati ya F haitamwambia hilo, samahani mama.

Mama wa Form Two

Hisabati ingemwambia kwamba timu kumi ni vigumu kuingia zote.

Nilikuwa Duka la Kubeti

Hapo umenishika. Lakini walimu wa hisabati nao walikuwa wateja wangu.

Jirani wa Kisumu

Majirani, jifunzeni kwetu kabla hamjachomeka mkono. Mtaala wa umilisi (CBC) ulipoanza kote Kenya 2019, kazi za mikono zilirudi nyumbani na mtoto. Saa tatu usiku mzazi ndiye anatafuta udongo, maganda ya mayai na gundi, mtoto amelala. Mwalimu anapewa picha kwa simu, anaweka alama, kazi imeisha. Yaani mzazi ndiye aliyepata umilisi. Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala huu wameingia Gredi ya 10, na mojawapo ya njia tatu ni sanaa na michezo. Ni hatua. Ila shule yenye tanuri na shule yenye jina la tanuri kwenye fomu si kitu kimoja. Kama kozi yenu haina maksi na udongo unabaki shuleni, tayari mmetuzidi.

Mkisi wa Mjini

Nimesoma kimya hadi hapa, sasa niseme. Mama yangu anatoka Ikombe, kule ng'ambo ya Matema, ufukweni Ziwa Nyasa. Vyungu vya Wakisi mnavyovinunua Mbeya mjini na hata Dar vimefinyangwa na wanawake wa kule, vikapakiwa kwenye mtumbwi hadi mnada wa Jumamosi pale Lyulilo. Hakuna gurudumu la kupiga mguu. Chungu kinakaa juu ya kigae, mkono mmoja unakizungusha taratibu, mwingine unavuta ukuta kwenda juu. Kikinyooka unapaka udongo mwekundu, unasugua kwa kokoto laini mpaka kinang'aa. Moto ni wa wazi, majani na kuni, basi. Mama anajua kimeiva kwa kukigonga na ukucha.

Kwa hiyo mtoa mada, nina ugomvi na wewe, na si ule wa yule mzee. Kwa nini gurudumu? Ukisema "ufinyanzi wa gurudumu" umeshamfuta mama yangu kwenye orodha ya walimu. Atakuja kijana aliyelijifunza chuoni miezi sita, mama aliyefinyanga miaka arobaini ataitwa siku ya maonyesho avae khanga apigwe picha. Hana cheti. Darasa la saba hakumaliza.

Na msidhani kutumia mkono mtupu ni ushamba. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi 1950, ni miongoni mwa wafinyanzi wanaoheshimika zaidi duniani. Alikwenda kusoma Uingereza, halafu miaka ya 1970 akaenda kituo cha ufinyanzi cha Abuja ya zamani (leo Suleja), Nigeria, akajifunza kwa wanawake wa kule kujenga chombo kwa mkono. Mpaka leo vyombo vyake hajengi kwa gurudumu. Pale Abuja ndipo alipokuwa Ladi Kwali, ambaye picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Nchi nzima inamshika mfinyanzi mfukoni. Sisi tuna methali ya kigae.

Hiyo methali yenyewe naona tunaisoma vibaya. Mfinyanzi anakula kwenye gae kwa sababu vizima mmenunua ninyi.

Ticha wa Bush

Hoja ya cheti ni ya kweli. Ukimleta mama huyo kama mwalimu wa kujitolea, mkaguzi akija mkuu wa shule anaulizwa "huyu ni nani?" Nimeona fundi seremala mzuri akiondolewa hivyo hivyo, watoto wakabaki na kitabu cha useremala.

Mwanzisha Mada

Mkisi, umenipiga mahali pake. Nikiri: gurudumu tulilichagua kwa sababu mfadhili mdogo alitoa moja, na kwa sababu linavutia vijana wa kiume, ambao huku wanaona chungu ni kazi ya wanawake. Likizunguka wanaona mashine, wanakuja. Si sababu nzuri sana, ila ndiyo ya kweli. Bado nalitaka kwa lile zoezi la katikati. Lakini Jumatano mbili kwa mwezi zinaweza kuwa za kigae, na namtaka mama, alipwe nauli na siku yake, siyo khanga na picha. Nitapendekeza aandikwe kama mgeni mwalikwa wa klabu, mwalimu wa sanaa awe naye darasani. Mkaguzi akiuliza, jibu lipo.

Mama wa Form Two, F ya hisabati sina majibu nayo. Sitakudanganya kwamba udongo utaipandisha. Ninachoweza kukubali ni hiki: mwenye F asizuiwe kozi, ila rimedio iwekwe siku nyingine, Jumatatu na Alhamisi, na kozi ziishe saa tisa na nusu ili wanaotembea mbali wafike kabla ya giza. Kuhusu kungwi, sijui kama tunabishana. Kungwi alimfundisha binti kuishi na watu. Hakumfundisha kuwauliza.

Na kuna jambo jana sikulisema. Ijumaa moja mwalimu aliwafanyia jaribio la Solomon Asch, yule mwanasaikolojia Mmarekani wa 1951. Unachora mistari, mmoja ni mrefu waziwazi. Unawanong'oneza sita wataje usio sahihi kwa sauti, wa saba ametumwa kuleta maji, hajui kitu. Akarudi, akawasikia wote, akautazama ubao, akatutazama sisi, akataja ule ule usio sahihi. Masikio yalimwiva. Kwa Asch, karibu robo tatu ya watu walifuata kundi angalau mara moja, ila akipatikana mmoja tu wa kusema tofauti, kufuata kulishuka sana.

Kikaoni mzee alipotoa methali, mimi nilicheka na wenzangu. Baadaye mama wawili walinifuata nje kwenye mwembe wakasema watoto wao wanazitaka zile kozi. Na wao ndani walicheka.

Mama wa Form Two

Jumatatu na Alhamisi nitakubali. Iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, siyo ya mdomo.

Fundi Bati

Mmeongea sana, hakuna aliyetaja soko. Soko la udongo kwa sasa ni jiko, siyo chungu. Jiko la mkaa la bati lenye udongo ndani lilianza Kenya miaka ya 1980, wazo likiwa limetoka Thailand, leo liko nyumba nyingi. Bati nakata mimi. Ule udongo wa ndani nanunua kwa watu, na nusu unafika umepasuka kwa sababu ya hilo hilo la unyevu. Watoto wakinitengenezea wa kipimo kimoja, nanunua.

Gurudumu la pili msisubiri mfadhili. Bomba la chuma, beringi mbili za gari bovu, sahani ya juu ya mbao ngumu, ya chini ya zege ili iwe nzito izunguke yenyewe ukishapiga mguu. Kuchomelea ni siku moja. Mwanzisha mada nipimie kutoka sakafuni mpaka kwenye goti la mtoto wa Form Two akiwa amekaa, chukua mfupi na mrefu. Usinipimie goti lako.